Gari Dogo Mbele ya Kamera: Mafunzo Niliyopata Kati ya Kilolo na Makumbusho ya Taifa

Kazi inayonilisha ni kupiga picha za harusi, sendofu, kipaimara na mahafali katika wilaya ya Kilolo, kuanzia Ilula kwenye lami hadi vijiji vya Dabaga, ambako ukungu huweza kukaa mpaka jua limepanda. Magari huingia kwenye picha hizo yakiwa yamefungwa maua na riboni, na wateja hutaka yaonekane mapya. Mapenzi yangu yako kwingine. Napenda magari ya zamani, hasa yale madogo yaliyobeba walimu, manesi, mapadri na wafanyabiashara wadogo kabla nchi haijajaa Noah na Land Cruiser. Nimeyafuata Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, na nimeyafuata uani kwa watu huku nyumbani.

Mkoa wa Iringa hauna makumbusho ya magari. Tuna Boma la Iringa, jengo la zamani la Wajerumani lililofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. Tuna pia makumbusho ya Kalenga, yanayotunza fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa nchini mwaka 1954. Historia yetu ya vita na ya utawala imepata mahali pa kukaa. Historia yetu ya barabara bado iko mikononi mwa wenye magari, na yeyote mwenye kamera anaweza kuwasaidia kuitunza. Ndiyo maana naamini kwamba picha ya gari la kale ina kazi ya kufanya: imwezeshe mtu ambaye hatalishika gari hilo maishani mwake aelewe lilivyoundwa, lilivyotumika, na watu waliolihangaikia. Mafunzo yanayofuata yote yametokana na imani hiyo.

1. Lijue gari kabla ya kutoa kamera kwenye mkoba

Miongoni mwa magari yanayotunzwa na Makumbusho ya Taifa kuna gari dogo la Kiingereza aina ya Austin, ambalo Mwalimu Nyerere alilitumia wakati wa kudai uhuru. Mtu anayepita haraka huona gari kuukuu tu. Anayesoma kwanza huona mengi zaidi.

Kampuni ya Austin ilianzishwa na Herbert Austin mwaka 1905 huko Longbridge, karibu na Birmingham. Mwaka 1952 iliungana na Morris, mshindani wake mkubwa, wakaunda kampuni moja iliyoitwa British Motor Corporation. Miaka hiyo Uingereza ilikuwa ikiuza magari madogo katika makoloni yake, na Tanganyika ilikuwa soko mojawapo. Huku kwetu, TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, na mwaka uliofuata Mwalimu aliacha kazi ya kufundisha Pugu ili aitumikie siasa. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya familia ya Kiingereza ya kipato cha kati likaishia kumtumikia mtu aliyekuwa akiwaomba Waingereza waondoke.

Ukishalijua hilo, jicho lako hupata kazi. Unatafuta kiti cha dereva kilivyo, kiti cha nyuma kinavyobana, mpini wa mlango ulioshikwa na mikono mingi, buti lenye nafasi ya mabegi machache tu. Unapiga picha ukijibu swali: safari katika gari hili ilikuwaje? Dakika kumi za kusoma kibao, na kumuuliza mhudumu kile ambacho kibao hakikusema, hunipa orodha ya picha iliyo bora kuliko mpango wowote ninaotoka nao nyumbani.

2. Lipe gari dogo muda uleule unaolipa gari kubwa

Katika makumbusho hayohayo kuna Rolls-Royce iliyotumiwa na magavana wa Kiingereza, na baada ya uhuru ikamtumikia Mwalimu. Ni gari la fahari kweli. Wageni hulizunguka, hupiga nalo picha, huwaita wenzao waje walione. Nalipenda na mimi, na historia yake inastahili heshima: kiti cha gavana kukaliwa na mtoto wa Butiama si jambo dogo.

Lakini Rolls-Royce haikuwahi kuwa gari la watu. Historia ya watu wa kawaida barabarani iko kwenye magari madogo. Morris Minor, lililoanza kuuzwa mwaka 1948, lilikuwa gari la kwanza la Kiingereza kufikisha idadi ya milioni moja. Volkswagen Beetle lilitengenezwa zaidi ya milioni 21 kabla ya uzalishaji wake kufungwa Mexico mwaka 2003. Magari haya yalifika Afrika Mashariki yakakutana na matope, mawe na vumbi ambavyo wabunifu wake hawakuwahi kuvikanyaga, na mengi yalivumilia.

Mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalithibitisha uvumilivu huo mbele ya umma. Katika miaka ya mwanzo Volkswagen iling'ara mara kadhaa, na mwaka 1962 Tommy Fjastad aliipatia ushindi mwingine. Mashindano hayo ndiyo yaliyokuja kuitwa Safari Rally. Kwa hiyo ninapofika mbele ya gari dogo huwa siweki kamera begani kwa kuona kwamba nimeshamaliza kazi kwenye gari kubwa. Nalianza upya, kwa utulivu, kwa sababu wasomaji wa picha zangu wana uwezekano mkubwa wa kumkumbuka babu au mwalimu aliyekuwa na gari la namna hiyo.

3. Ruhusa ni sehemu ya kazi

Kila makumbusho yana utaratibu wake. Mahali pengine simu inaruhusiwa lakini kamera kubwa inalipiwa. Pengine stendi ya miguu mitatu inakatazwa kwa sababu wageni wanaweza kujikwaa, na picha za biashara zinahitaji kibali cha maandishi. Mimi huanzia mapokezi, najitambulisha, nataja ninakotoka na matumizi ya picha. Kisha nauliza siku na saa ambazo wageni ni wachache.

Kamba iliyozungushiwa gari siivuki, na gari siliegemei wala silipangusi vumbi kwa kitambaa changu. Vumbi hukwangua rangi ya zamani, na jasho la vidole huacha alama kwenye kromu. Nikihitaji mlango ufunguliwe namwomba mhudumu, na akikataa nashukuru. Nimeona kwamba mhudumu aliyeheshimiwa hivyo huwa mwalimu. Huniambia sehemu gani ya gari ni ya asili na ipi imebadilishwa, na mambo hayo hayapatikani kwenye kibao.

Huku vijijini utaratibu ni uleule, ila unaanza na salamu. Kwa wazee wa Kihehe natanguliza "Kamwene", nakaa, tunaulizana habari za shamba na za watoto. Gari linakuja baadaye.

4. Iache kamera izoee hewa

Kutoka Iringa mjini hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 500. Unaacha nyanda zilizo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, unateremka Kitonga, unapita Ruaha Mbuyuni, Mikumi na Morogoro, na hatimaye unaingia kwenye joto la pwani lenye unyevu mwingi. Kamera iliyokaa kwenye basi la kiyoyozi inakuwa ya baridi. Ukiitoa mara moja kwenye hewa ya Dar es Salaam, matone madogo ya maji hujikusanya juu ya lenzi, na unyevu ukipenya ndani unaweza kuotesha ukungu unaokula kioo.

Dawa ni rahisi. Funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki ukiwa bado kwenye ubaridi, kisha iache ndani ya mfuko huo nusu saa hivi baada ya kushuka. Maji yatajikusanya nje ya mfuko. Weka pia vile vipakiti vinavyonyonya unyevu, vinavyopatikana bure kwenye maboksi ya viatu vipya. Kilolo nafanya hivyo hivyo ninapotoka kwenye baridi la asubuhi na kuingia jikoni kwa mtu, ambako moto unawaka na sufuria linatoa mvuke.

5. Piga goti, kisha rudi nyuma

Watu wengi hupiga gari picha wakiwa wamesimama wima. Kwa gari dogo, macho ya mtu mzima yako juu ya paa au karibu nalo, hivyo picha huonyesha paa na boneti huku uso wa gari ukiinama chini. Nikipiga goti, lenzi ikawa sawa na taa za mbele, gari linapata kimo chake. Bampa, grili na taa vinanitazama, na mstari wa madigadi unaonekana ulivyochorwa na mbunifu wake.

Jambo la pili ni umbali. Katika ukumbi mwembamba mtu hushawishika kutumia lenzi pana na kusogea karibu. Matokeo yake pua ya gari huvimba, tairi la mbele huwa kubwa kuliko la nyuma, na gari hupoteza umbo lililokusudiwa. Nikiwa na nafasi narudi nyuma kadiri ukuta unavyoruhusu na kutumia lenzi ya milimita 50 au 85. Anayetumia simu asogee nyuma pia, kisha achague lenzi ya kukuza mara mbili kama simu yake inayo. Kinachopotosha umbo ni ukaribu wa mpigaji, na hakuna programu inayolirudisha vizuri.

Pembe ninayoanza nayo ni ile inayoonyesha mbele na ubavu kwa pamoja. Baada ya hapo napiga ubavu mtupu, kamera ikiwa katikati ya magurudumu mawili, mstari wa chini wa gari ukiwa umenyooka. Picha hiyo ya ubavu huonekana ya kawaida, lakini fundi anayetaka kutengeneza upya mlango au madigadi ataitegemea kuliko nyingine zote.

6. Bodi ya gari ni kioo, kwa hiyo angalia kilichomo ndani yake

Rangi iliyong'arishwa huonyesha kila kitu kilicho mbele yake: taa za dari, madirisha, shati la mpigapicha, mtoto anayekula pipi. Kabla ya kubonyeza, natembeza macho kwenye bodi kuanzia bampa la mbele hadi la nyuma, nikitazama uakisi peke yake. Mara nyingi hatua moja kushoto au kulia huondoa uakisi mbaya. Navaa nguo nyeusi au za kijivu siku za kazi hiyo, maana shati jeupe au jekundu huchorwa mlangoni moja kwa moja.

Kichujio cha polaraiza husaidia. Ukikizungusha taratibu mbele ya lenzi, uakisi kwenye kioo cha mbele na kwenye rangi hupungua, na ghafla unauona usukani na dashibodi. Kina mpaka wake, hata hivyo. Hakiondoi uakisi wa chuma kitupu, kwa hiyo kromu ya bampa na vifuniko vya rimu vitabaki vikiakisi. Hapo namwomba mwenzangu ashike kitambaa kikubwa cheusi au cheupe nje ya fremu, ili kromu iakisi kitu kimoja kilichotulia. Shuka safi linatosha.

Kuhusu mwanga, flashi naiacha kwenye mkoba. Makumbusho mengi huikataza, na hata pasipokatazwa hupiga doa jeupe katikati ya mlango na kuzima kila kitu kingine. Nikiruhusiwa stendi, naweka ISO 100 au 200, tundu la lenzi f/8 ili pua na mkia wa gari vyote vionekane vikali, na naiacha shata ifunguke polepole kadiri inavyohitaji. Gari halitikisiki. Nabonyeza kwa kuchelewesha sekunde mbili ili kidole changu kisiyumbishe kamera. Pasipo stendi, naegemea nguzo, nabana viwiko mbavuni na kupandisha ISO bila woga, maana chembechembe kwenye picha ni afadhali kuliko picha iliyotikisika.

Rangi nayo inadai uangalifu. Taa za dari zinaweza kutoa mwanga wa kijani au wa manjano huku dirisha likitoa wa buluu, na gari moja likatoka na rangi mbili. Napiga picha moja ya mwanzo nikiwa nimeweka kadi ya kijivu mbele ya gari, na nahifadhi faili ghafi. Nikirudi nyumbani, kadi hiyo huniambia rangi ya kweli ilikuwa ipi. Kwa picha inayotakiwa kuwa kumbukumbu, kijani cha bahari na kijani cha majani ni rangi mbili tofauti.

7. Onyesha udogo wake

Gari dogo likipigwa peke yake, limejaza fremu, halina kipimo. Msomaji hajui kama lina mita tatu au tano. Mini lililotoka mwaka 1959 lina urefu wa takribani mita 3 tu, na Fiat 500 la mwaka 1957 halifiki hata hapo. Vijana waliozaliwa na kukuta Land Cruiser hawawezi kuliona hilo bila kuonyeshwa.

Kwa hiyo picha mojawapo lazima iwe na binadamu. Mtu mzima akisimama kando ya mlango, paa likiishia kifuani au begani mwake, picha inaeleza kila kitu bila namba. Wakati mwingine natumia mlango wa jengo, kiti, au gari kubwa lililo jirani. Ndani ya gari napiga nafasi kati ya usukani na kiti, kisha kiti cha nyuma kutoka upande, ili mtazamaji ajiulize magoti yalikaa wapi. Familia za watu sita zilisafiri hivyo na mizigo yao, na picha inapaswa kuwatendea haki.

Makumbusho yanapokuwa na gari la kiongozi, kipimo hiki huwa na uzito zaidi. Ukimwonyesha mwanafunzi wa sekondari gari dogo na kumwambia kwamba harakati za uhuru zilipita humo, ataelewa jambo kuhusu TANU ambalo kitabu kinachukua kurasa nyingi kulieleza: chama kilikuwa na watu wengi na vitu vichache.

8. Mitambo ndiyo inayokuambia usimame wapi

Somo hili nililipata Kilolo, kwa mwalimu mstaafu anayetunza Volkswagen Beetle yake kwenye kibanda cha mabati, kando ya magunia ya maharage. Baada ya salamu alinipeleka moja kwa moja nyuma ya gari.

"Mjukuu wangu," aliniambia, "wote mnaanzia mbele. Mbele huku kuna tangi la mafuta na begi. Gari lenyewe liko huku nyuma."

Alifungua kifuniko na kunionyesha injini. Beetle halina rejeta. Injini yake hupozwa na hewa inayosukumwa na feni. Alieleza tofauti hiyo ilivyokuwa na maana kwenye mlima Kitonga, ambako barabara inapanda kutoka bonde la Ruaha Mbuyuni kuja juu Ilula. Magari mengine yalichemka katikati ya kona, madereva wakasimama na madumu ya maji wakisubiri rejeta ipoe. Yeye alipanda kwa gia ya chini, polepole, bila dumu.

Mlima huo una historia nzito. Baada ya serikali ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kupitisha mafuta na bidhaa zake, na malori yakaanza kumiminika kati ya Dar es Salaam na Zambia kupitia Iringa na Mbeya. Sehemu kubwa ya barabara ilikuwa ya udongo. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, lami ikafuata, na reli ya TAZARA ikaanza kazi rasmi mwaka 1976. Gari dogo la mwalimu lilipishana na malori hayo kwenye tope na vumbi.

Tangu siku hiyo huwa nauliza kwanza: injini iko wapi, inapozwaje, nguvu inakwenda kwenye magurudumu yapi, linawashwaje? Majibu hunipa picha. Kwa Beetle, matundu ya hewa yaliyo nyuma ni picha ya lazima. Kwa magari mengi ya Kiingereza ya zama hizo, natafuta tundu la hendeli ya kuwashia chini ya grili, kishikio cha kuvuta choki kwenye dashibodi, na kile kijiti cha kuonyesha kona kilichokuwa kikichomoza kwenye nguzo ya mlango kabla indiketa za kuwakawaka hazijaenea. Vitu hivyo ni vidogo, na ndivyo vinavyopotea kwanza.

9. Usifute makovu

Programu za leo zinaweza kuondoa kutu, kuziba mashimo na kung'arisha rangi kwa dakika chache. Kwa picha ya harusi nazitumia. Kwa gari la kale nazikataa. Kutu inaeleza mahali maji yalipokaa. Rangi iliyobanduka na kuonyesha rangi nyingine chini yake inaeleza kwamba gari lilibadilisha mwenyewe au kazi. Mlango uliochomelewa unaeleza ajali, na unaeleza pia kuwapo kwa fundi.

Mafundi wa Nyanda za Juu Kusini wamefanya mambo makubwa ambayo hayajaandikwa popote. Vipuri vilipokosekana, hasa katika miaka migumu ya themanini, walichonga bushi kwa mkono, walifunga taa ya gari moja kwenye gari lingine, walishona viti kwa turubai, walikata springi ya lori ikatosha gari dogo. Mtaalamu wa Ulaya anayetafuta gari la asili ataona kasoro. Mimi naona ushahidi wa akili ya watu wetu. Nazipiga picha kwa karibu, mwanga ukitoka ubavuni ili michirizi ya tupa na mistari ya kuchomelea ionekane, na namuuliza mwenye gari jina la fundi na gereji yake, ili niyaandike akiridhia.

Makumbusho nayo hupata faida kwa uaminifu huu. Anayetunza gari hulinganisha picha ya leo na ya miaka kumi ijayo ili ajue kutu imesogea kiasi gani. Picha iliyopambwa haimsaidii.

10. Andika maelezo siku hiyohiyo, na picha zirudi kwa wenyewe

Picha isiyo na maelezo hufa pamoja na aliyeipiga. Kabla sijalala, kila seti ya picha naipa maelezo: aina ya gari, mwaka kama unajulikana, namba ya usajili ya zamani, namba ya chasisi iwapo mwenyewe ameruhusu, rangi, mahali, tarehe, nani alilinunua, lilifanya kazi gani, na nani amenieleza hayo. Neno "inasemekana" nalitumia pale ninapotegemea kumbukumbu ya mtu mmoja, ili atakayekuja baadaye ajue lipi limethibitishwa na lipi linasubiri ushahidi.

Nahifadhi nakala mahali pawili tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba yangu. Kisha nachapisha. Mwenye gari anapata picha ya karatasi, kubwa ya kutosha kutundikwa ukutani, pamoja na maelezo nyuma yake. Mara nyingi picha hiyo inapofika, jirani naye anatoa albamu: yuko mjomba aliyesimama na Peugeot 404, yuko shangazi nesi kando ya Land Rover ya misheni. Navipiga vielelezo hivyo nakala palepale mezani, kwenye mwanga wa dirisha, na mkusanyiko unakua.

Kazi iliyo mbele yetu Kilolo

Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita vijijini na mizani zao. Siwalaumu, wala simlaumu mzee anayeuza, maana ada ya mjukuu haisubiri historia. Ila gari likishakatwa kwa kilo, hakuna kinachobaki isipokuwa kile kilichorekodiwa kabla.

Huko Uingereza, makumbusho mashuhuri ya magari ya Beaulieu yalianza mwaka 1952, pale mwenye nyumba mmoja alipoweka magari machache ya kale ndani ya nyumba yake ili wageni wayaone. Sisi tunaweza kuanza na kitu kidogo kuliko hicho. Kijana mwenye simu nzuri anaweza kumtembelea mwenye gari la zamani kijijini kwake, akapiga picha kumi: pembe ya mbele, ubavu, nyuma, injini, dashibodi, viti, namba, kovu moja la matengenezo, mtu amesimama kando, na mikono ya mwenyewe ikiwa kwenye usukani. Akaandika ukurasa mmoja wa maelezo. Klabu za historia za shule za sekondari zinaweza kufanya hivyo kata kwa kata, kuanzia Ruaha Mbuyuni hadi Dabaga, kisha picha zikaombewa nafasi ya kuonyeshwa kwenye Boma la Iringa.

Kazi hii haihitaji gari la kiongozi wala jengo la mamilioni. Inahitaji subira, heshima kwa wenye mali, na macho yanayokubali kwamba gari la mwalimu wa shule ya msingi nalo ni sehemu ya historia ya Tanzania. Mwenye gari la namna hiyo Kilolo, au anayemjua mwenye nalo, aombe apigiwe picha mwaka huu, wakati aliyeliendesha bado yupo wa kulisimulia.